Jumanne: Upanga Upi?

Soma Luka 2:34, 35, Waefeso 6:17, Ufunuo 2:12-16.

Biblia ya Kiswahili inatumia neno moja, upanga, katika mafungu haya yote. Kiyunani kina maneno mawili. Katika Waefeso, Paulo anaandika machaira, upanga mfupi ambao askari hakuweza kuutumia bila kumkaribia adui. Neno hilo lilitaja pia kisu cha kawaida: katika Agano la Kale la Kiyunani ndicho kisu alichochukua Ibrahimu alipopanda mlimani na Isaka (Mwanzo 22:6). Ndio pia upanga aliouchomoa Petro bustanini (Yohana 18:10).

Neno la pili ni rhomphaia, nalo lilikuja na silaha ya Wathrakia, watu waliokaa kaskazini mwa Uyunani, hasa katika Bulgaria ya leo. Ilikuwa na bapa refu na mpini mrefu. Wafasiri wa Agano la Kale walilitumia kwa upanga wa moto ulioilinda njia ya mti wa uzima (Mwanzo 3:24), na kwa upanga wa Goliathi (1 Samweli 17:51). Nje ya Ufunuo, Agano Jipya linalo mara moja tu, Simeoni anaposema na Mariamu. Luka hakumwekea mama yule kijana neno la kisu. Alimwekea silaha ya jitu.

Mwalimu asijenge fundisho zima juu ya tofauti hii, maana wafasiri wa kale waliyabadilishana maneno haya mara nyingi, na Waebrania 4:12 inasema machaira. Lakini Pergamo itazamwe kwa makini. Hapo rhomphaia imo kinywani mwa Kristo, naye yuko tayari kupigana na watu waliomo ndani ya kanisa wasipotubu. Hakuna mshiriki aliyekabidhiwa upanga huo. Mwamini amepewa ule mfupi, tena baada ya kuelezwa kwamba adui si damu na nyama (Waefeso 6:12). Mzee wa kanisa anayesoma fungu mbele ya baraza ili kumwaibisha kijana aliyeanguka ameshika silaha isiyo yake.

Kwa Majadiliano: Petro alipomkata Malko sikio, Yesu aliliponya (Luka 22:51). Je, katika kanisa lenu yuko aliyejeruhiwa kwa fungu la Biblia hata akaacha kuja? Ni nani atakayekwenda nyumbani kwake juma hili?