Kiroba Kwenye Soksi

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 15, nauza kwenye kioski cha mama mdogo huko Chang'ombe, Dodoma. Sukari, mafuta ya kupima, vocha na viroba, vile vipakiti vya pombe kali, shilingi 500 tu. Mshikaji wangu wa kidato cha pili alikuwa anapita asubuhi na yunifomu yake, ananunua kimoja, anakisokomeza kwenye soksi. Mimi narudisha chenji. Basi.

Je, kosa lilikuwa la nani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Lakini muuzaji naye alikuwa mtoto! Basi tumshike mama mdogo? Atasema hakunituma niwauzie wanafunzi. Kweli hakunituma. Hakunikataza pia. Kosa likawa linazunguka kama kata ya ujimbi kilabuni, kila mmoja anapiga funda moja na kumpa jirani.

Wapo wanaosema sisi Wagogo tumezaliwa tukaukuta ujimbi, watoto huonjeshwa na hawafi. Jamani! Ujimbi wa bibi yangu ulichukua siku nyingi, mtama uoteshwe, uanikwe, usagwe, upikwe, na ukinywewa ni mbele za watu. Sisemi unamfaa mtoto. Nasema pale palikuwa na macho. Kiroba yule bwana alikinywa peke yake chooni, kabla ya kipindi cha kwanza. Na mwili haujui mila: ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, na anayeanza mapema hunaswa kwa urahisi zaidi.

Machi 1, 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Mama mdogo akalia hasara. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, nikidhani deni langu limefutwa. Wapi! Mwenzangu alishaacha shule, akahamia kwenye gongo.

Mtu mzima akilewa tunaweza kubishana juu ya uhuru wake. Mtoto bado hana uhuru huo, hivyo mzigo ni wa yule anayejua. Nami nilijua, ingawa umri wetu ulikuwa mmoja. Nilikuwa nangoja mwalimu apite kwanza, ndipo nimpe.

Juzi nilikutana naye karibu na soko la Majengo, mikono inamtetemeka. Akaniita kaka, akaomba mia tano ya chai. Nilisimama pale nimeishika mfukoni.