Efa Ndogo Ndani ya Simu ya Mama

Maandiko: Amosi 8:4-6, Luka 19:1-10



Juzi nilimkosea mamangu. Kila Jumatatu humtumia kredo ya shilingi hamsini ili aweze kunipigia. Kufika Alhamisi ananiflash. Siku moja nikamwambia kwa ukali, "Mama, kwani unaongea na nani hiyo kredo yote?" Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Pole, mwanangu. Nitapunguza."

Nilipoenda nyumbani nikaishika simu yake. Nikakuta ujumbe mmoja kila asubuhi, na kila ujumbe umekata shilingi kumi. Kumi ni kidogo, sivyo? Kwa mwezi ni shilingi 300. Kwa mwaka ni 3,650. Mama hakumbuki kujiunga na chochote. Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki: ujumbe wenyewe ulikuwa mstari wa Biblia! Mama haoni herufi ndogo bila miwani. Alikuwa anauziwa Neno asilolisoma, huku mtoto wake mchungaji akimgombeza.

Wapendwa, Amosi aliwajua watu wa namna hii. Wafanyabiashara wa Israeli walingoja Sabato iishe upesi wafungue biashara. Walipunguza efa, yaani kipimo cha nafaka, na kuongeza uzito wa shekeli, jiwe la kupimia fedha. Bei aliyotajiwa mnunuzi ilikuwa ileile. Lakini alifika nyumbani na unga mchache, na fedha nyingi zimetoka mfukoni. Hakuna aliyemshikia panga. Na Mungu akaapa kwamba hatasahau matendo yao.

Mimi nilisomea biashara. Nawaambia ukweli: mteja hulalamikia bei kubwa anayoiona, lakini kile kidogo asichokiona hukilipa kimya kimya. Ndiyo maana makato haya hukaa kwa simu za wazee, na kwa simu za watoto wetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, usione haya kuuliza. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu kile anachonunua. Fungua zile jumbe. Piga simu kwa huduma kwa wateja, uulize umeunganishwa na nini, uombe utolewe. Wakikataa, andika tarehe na kiasi kilichokatwa, upeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Pili, na hapa naongea na mimi mwenyewe kwanza. Mwaka jana niliongoza safari ya vijana. Tulitangaza shilingi 2,500 hapa madhabahuni. Baadaye tukaongeza 200 ya fomu na 150 ya maji. Nilijua tangu mwanzo kwamba hiyo 2,500 haitatosha, lakini niliogopa watu wasijiandikishe. Nikiwa na simu ya mama mkononi, Roho Mtakatifu akaniuliza: efa yako ina ukubwa gani, Mchungaji?

Zakayo hakusema tu "samahani". Alisimama mbele ya Yesu akaahidi kurudisha mara nne. Mimi nimeanza kurudisha ile 350 kwa kila mzazi. Na wewe? Landlord unayeongeza pesa ya taka baada ya mtu kuhamia, mweka hazina wa chama unayekata "ya kutoa" bila kusema, mwenye duka ambaye mizani yako unaijua mwenyewe: Zakayo alishuka kwa mti. Shuka.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, vijana watakaa chini ya mti na wazee wetu, wakague simu moja moja bure. Mlete mama. Mlete nyanya. Na kama ulimgombeza, muombe msamaha kama mimi nilivyofanya.

Tuombe: Bwana, tufungue macho tuone tunachonyang'anywa, na tunachowanyang'anya wengine. Mizani yetu iwe safi mbele zako. Katika jina la Yesu. Amina.