Mbwa wa Mgeni

Aliyempeleka mbwa wake Isle Royale hakuwa na nia mbaya. Pengine alimpenda tu, akaona atakuwa mpweke nyumbani. Kisiwa hicho kiko ndani ya Ziwa Superior, jimbo la Michigan, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Ni hifadhi ya taifa, na mbwa ni marufuku hata akikaa botini asikanyage nchi kavu.

Mnyama mkubwa wa hapo ni muusi, jitu la jamii ya ayala. Begani hukaribia mita 2, dume mzima huweza kupita kilo 500, na pembe zake pana kama makoleo huanguka kila majira ya baridi, zikaota upya. Kiangazi huingia majini hadi shingoni, akazamisha kichwa kizima, akaibuka na majani yanayomning'inia mdomoni. Anatafuta chumvi, maana mimea ya majini inayo na majani ya msituni hayamtoshi. Theluji ikishafunika ardhi, hubaki kutafuna vijiti na misonobari michanga.

Muusi walifika kisiwani mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakumkuta adui yeyote, wakazaana, wakamaliza chakula, na miaka ya 1930 wakafa ovyo kwa njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mbwamwitu wakavuka juu ya barafu kutoka Kanada. Tangu mwaka 1958, Durward Allen wa Chuo Kikuu cha Purdue alipoanzisha utafiti wake, pande zote mbili zimekuwa zikihesabiwa, ndiyo maana kisa hiki tunacho kwa tarakimu, si kwa tetesi.

Mbwamwitu hamwangushi muusi yeyote amtakaye. Mzima mwenye nguvu akisimama imara na kuwageukia kwa kwato zake, mara nyingi kundi zima huondoka na njaa yake. Wanaopatikana ni ndama, vikongwe na wenye yabisi ya viungo.

Mwaka 1980 kisiwa kilikuwa na mbwamwitu 50. Kufikia 1982 walibaki 14. Kilichowamaliza ni virusi vya parvo, maradhi ya kutapika na kuharisha damu yaliyokuwa yamezuka miongoni mwa mbwa duniani miaka michache tu nyuma. Watafiti wanaamini virusi hivyo viliingia na mbwa wa kufugwa. Mwenye mbwa huenda alirudi kwake na picha nzuri za likizo, asijue lolote. Hapo ndipo kisa hiki kinaponiudhi: aliyevunja sheria hakulipa hata senti, na deni likaenda kwa wasiomjua.

Wala tusiwanyooshee Wamarekani vidole. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ya mbwa uliua simba wapatao 1,000 katika eneo la Serengeti, karibu theluthi ya simba wote wa pale, na mbwa wa vijijini pembezoni ndio waliohusishwa nao.

Tukirudi kisiwani, ungedhani muusi walishangilia vifo vya mbwamwitu. Kweli waliongezeka, mpaka kufikia 1995 walikuwa kama 2,400. Kila msonobari mchanga uliothubutu kuchomoza juu ya theluji ulikatwa ncha. Hadi leo, upande wa magharibi, kuna miti yenye umri wa mtu mzima na kimo cha mtoto wa chekechea. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1996, mkali na wenye theluji nyingi. Juu ya njaa kulikuwa na kupe. Muusi mmoja anaweza kubeba kupe makumi ya maelfu. Hujisugua kwenye miti mpaka manyoya yanamtoka, anabaki na mabaka ya ngozi tupu wakati baridi bado inauma. Mwaka uliofuata walihesabiwa kama 500.

Mbwamwitu nao hawakurudia idadi yao ya zamani. Barafu ya kuvukia ikawa adimu, damu mpya ikakosekana, wakaanza kuzaana ndugu kwa ndugu, wengine wakizaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Mwaka 2018 walikuwa wamebaki 2 tu: baba na binti yake. Muusi kwa wakati huo walikuwa kama 1,500.

Ndipo hifadhi ikaamua kuleta mbwamwitu wengine, 19 kwa jumla, kati ya 2018 na 2019. Baadhi walichukuliwa kisiwa cha Michipicoten, Kanada, ambako walikuwa wamewala takriban ayala wote aina ya karibou na sasa wao wenyewe wamekonda. Hesabu ya 2023 ilikuta mbwamwitu 31 na muusi 967.

Wako waliopinga kazi hiyo, wakisema binadamu akae pembeni aiache asili ijiendeshe. Ningewaelewa vizuri zaidi kama virusi vile vingeletwa na asili.