Hatia ya Mlaji

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Yuko mnyoo bapa wa baharini aliyeupindua usemi huo, kwani yeye ndiye hujivika nguo ya amlaye. Huishi juu ya matumbawe ya matawi, jamii ya Akropora, ambayo imo pia katika miamba ya Unguja na Mafia. Anapokula nyama laini ya tumbawe humeza na rangi zake, pamoja na vijimwani vilivyomo ndani yake; nazo huonekana kupitia mwili wake mwangavu, hata jicho lisiweze kumtenga na mwenyeji wake. Kisha hutaga mayai pale pale alipokwisha kula, juu ya mfupa mtupu.

Mshairi hatapata taabu kumtafutia kiumbe huyu jina la kibinadamu: msaliti, mnafiki, mgeni mla mwenyeji. Lakini habari zake zinaitia dosari hukumu hiyo. Wataalamu walimpa jina mwaka 2011 baada ya kumkuta kwenye matumbawe yaliyofugwa katika matangi ya vioo, alikokuwa akiyamaliza. Taarifa ya kwanza ya kuonekana kwake baharini, huko Australia, ilitoka mwaka 2012, wala hakukutwa ameangamiza mwamba. Bahari ina samaki na kamba, na majaribio yameonyesha kuwa wamo wanaomla. Katika tangi hayupo wa kumpunguza. Mlaji ni yule yule. Meza ndiyo iliyobadilishwa.

Basi mlaji ana hatia? Swali hili halikuzaliwa pwani tu. Iguguno, mkoani Singida, mamia ya kilomita kutoka baharini, mkulima wa mtama na uwele hulijua kwa jina la kweleakwelea. Ndege huyu hula mbegu za nyasi za porini. Zikiadimika, hushukia mashamba kwa makundi makubwa. Mwambie anayeamia tangu alfajiri kwamba ndege hana kosa. Pengine atakubali, kisha ataokota jiwe, naye atakuwa katika haki yake. Kumzuia mlaji hakuhitaji kumtia hatiani kwanza. Chakula cha watoto ni hoja tosha. Tatizo huanza pale mlaji anapoitwa mwovu, maana dhidi ya mwovu kila silaha huonekana halali, hata sumu inyunyizwayo kutoka angani, ambayo haichagui kati ya kweleakwelea na ndege wengine waliolala kichaka kimoja naye.

Mwenye tangi hana hoja ya mkulima. Hakuvamiwa na mnyoo. Alimbeba mwenyewe, pamoja na tumbawe alilolitaka kwa uzuri wake. Sasa hulichovya katika dawa, minyoo ikaachia na kuanguka, naye akaihesabu sakafuni mwa ndoo. Mayai dawa hiyo haiyadhuru. Yangali yameshikamana na mfupa, yakingoja kurudishwa tangini.