Kosa Lililofichwa Kazini

Wazee wetu walituachia neno hili: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hatuna nia ya kulipinga, ila twaona ya kuwa wengi hulielewa nusu tu. Hudhani ya kwamba arudiaye kosa ni yule yule aliyelitenda kwanza. Mahali pa kazi mara nyingi sivyo. Muuguzi wa zamu ya usiku akusudia kuchukua chupa hii ya dawa, akachukua ile, kwa kuwa zafanana na zimewekwa rafu moja. Akatambua kabla ya kumpa mgonjwa. Yeye hatalirudia kosa lile, maana moyo wake umekwisha kushtuka. Atakayelirudia ni mwenziwe wa kesho, asiyejua neno, na chupa zingali pale pale.

Basi twauliza: aliyekosa bila kumdhuru mtu, wala hakuonwa na mtu, je, anao wajibu wa kusema? Na mkuu wake akiisha kusikia, anayo haki ya kumwadhibu?

Lilitokea jambo huko Marekani ambalo lafaa kufikiriwa na kila mwenye kusimamia kazi. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya abiria ya shirika la TWA ilikuwa ikielekea kutua katika kiwanja cha Dulles, karibu na mji wa Washington, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mwongozaji wa ndege aliwapa marubani ruhusa ya kukikaribia kiwanja. Wao wakaelewa ya kuwa wameruhusiwa kushuka mara moja hadi futi 1,800. Yeye hakuona ya kuwa ni juu yake kuwazuia. Ndege ikagonga mlima, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulipofanywa ikajulikana ya kwamba yapata wiki 6 kabla yake ndege ya shirika la United ilikuwa imeikosea ruhusa kama ile, katika njia ile ile ya kutua, ikaponea chupuchupu. Marubani wale hawakuficha. Waliwaambia wakuu wao, na wakuu wakawaonya marubani wote wa shirika lao. Lakini onyo halikuvuka ua wa shirika lile. Watu 92 walikufa kwa kosa lililokuwa limekwisha kujulikana.

Baada ya msiba huo idara ya serikali isimamiayo usafiri wa ndege ilijaribu, mwaka 1975, kupokea yenyewe habari za makosa ya marubani. Marubani wakasita, kwa kuwa idara hiyo ndiyo yenye uwezo wa kuwanyang'anya leseni. Nani ampelekeaye hakimu ushahidi juu ya nafsi yake? Kwa hiyo mwaka 1976 kazi ile ikakabidhiwa NASA, isiyo na mamlaka ya kumwadhibu rubani hata mmoja. Hupokea habari, hufuta majina, kisha hutangaza fundisho. Naye atoaye habari katika muda wa siku 10 aweza kuepushwa na adhabu, mradi kosa lake halikuwa la kusudi, wala la jinai, wala halikuleta ajali. Habari zilizokwisha kupokewa zimepita milioni moja.

Wako watakaosema ya kuwa huo ni ulegevu, na kwamba mtumishi asiyeogopa adhabu hawi mwangalifu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Fundi apunguzaye saruji katika zege ili auze mifuko iliyobaki hakukosea. Ameiba, na nyumba itakapoanguka atakuwa ameua. Dereva wa basi ashikaye usukani naye amelewa hana la kutufundisha. Watoto wetu hufundishwa katika katekisimu ya kuwa dhambi ya mauti yataka mtu ajue vema na akubali kwa hiari. Yatupasa kumpimia karani kwa kipimo hicho hicho. Mkuu amkataye mshahara karani aliyekuja mwenyewe kusema, "Bwana, hesabu ya jana nilikosea," hapunguzi makosa ofisini mwake. Apunguza habari zake.

Lililo gumu zaidi ni pale kosa lilipokwisha kumwumiza mtu. Hapo wenzi wa kazi hushikamana, na huo huitwa udugu. Sisi hatuuiti hivyo. Jamaa ya mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake wana haki ya kuambiwa kweli, tena waambiwe na wenye hospitali, wasiichimbue kwa wakili. Mkosaji aweza kusamehewa adhabu. Deni la kweli halikusamehewa. (Hata sisi wenye magazeti hatuna la kujivunia: kosa huchapwa ukurasa wa kwanza, na sahihisho lake hutafutiwa kipembe ukurasa wa sita.)

Tumrudie muuguzi wetu. Chupa bado iko mkononi mwake, na mgonjwa amelala salama. Alfajiri mkuu wa wodi ataingia, naye atasema au hatasema. Kwa sehemu kubwa jambo hilo limekwisha kuamuliwa tangu mwezi uliopita, siku ile mwenziwe aliposema, na wote wodini wakasikia alivyojibiwa.