Mali Isiyo na Zizi

"Nani kati yenu amewahi kumwona tembo?"

Swali hili hufanya kazi vizuri Dar es Salaam. Mikono miwili mitatu hupanda, mmoja anaeleza alivyomwona Mikumi kupitia dirisha la basi, darasa linageuka kumtazama kwa wivu, na mwalimu amepata pa kuanzia. Lipeleke swali hilohilo katika shule ya msingi ya kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, au katika kijiji chochote cha wilaya ya Serengeti kinachopakana na hifadhi ya jina hilo, uone. Darasa litacheka. Mikono yote iko juu. Wapo waliomwona juzi usiku kwa mwanga wa kurunzi, amesimama katikati ya mahindi ya nyumbani kwao.

Ofisa wa elimu ya uhifadhi amekuja na mabango, projekta na jenereta. Amekuja kumfundisha mtoto habari za mnyama ambaye mtoto huyo anamjua kwa nyayo, kwa kinyesi na kwa mlio wa bua likivunjika gizani. Atamwambia nini ambacho hakijui? Mara nyingi jibu limefungwa katika neno moja ambalo shule za Tanzania zimelizoea tangu mwaka 1980, zilipoanzishwa klabu za wanafunzi wapenda wanyamapori: Malihai. Mnyama ni mali, tena mali iliyo hai.

Neno zuri. Ila lina utata, na utata wake hauonekani vizuri popote kama unavyoonekana mkoani Mara.

Kwa Mkurya wa huko, mali haihitaji kamusi. Mali ni ng'ombe. Analala zizini, ana rangi yake na historia yake: huyu aliingia kwa mahari ya dada, yule ni uzao wa mtamba aliyenunuliwa mwaka wa njaa. Na mali ina mwenyewe. Ng'ombe wa jirani akivunja ua akala mtama wako, humlaumu ng'ombe. Unakwenda kwa mwenyewe, wazee wanakaa, fidia inatajwa. Shauri linaweza kuisha siku hiyo au likaburuzwa hadi msimu mwingine, lakini mlango wa kubisha hodi unaujua.

Sasa mwambie mtoto wa nyumba hiyo kwamba tembo ni mali. Atauliza, na ni haki yake kuuliza: ya nani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inajibu bila kusita. Wanyamapori wote ni mali ya umma, na wamewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Basi tembo aliyeingia shambani ni wa umma, na mwenye shamba naye ni umma. Kwa hesabu hiyo mzee wa watu ameliwa mahindi na mali yake mwenyewe.

Huu si mzaha mtupu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 ziliweka viwango vya malipo, lakini malipo hayo hayakuitwa fidia. Kwa mazao yaliyoharibiwa kuna kifuta jasho. Kwa aliyejeruhiwa au kufiwa kuna kifuta machozi. Kiwango cha kifo kilikuwa shilingi milioni moja. Kwa mashamba, malipo yalikwenda kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na shamba lililo ndani ya mita 500 halikustahili kitu. Anayelipa fidia anakiri deni. Anayefuta jasho anatoa pole, akijiona mwema kwa kutoa. Waliochagua maneno haya walikijua Kiswahili barabara: walitaka kuonesha huruma bila kukubali kwamba mali ya umma ina mwenyewe anayeweza kushitakiwa na jirani. Kwa hiyo mtoto anafundishwa "mali" darasani, na nyumbani anaiona ikitenda yale ambayo mali ya mtu mwingine yeyote ingeyalipia.

Mjini mtoto hawezi kugongana na tatizo hili, kwa sababu huko mnyama ana kizimba. Hiyo ndiyo siri ya bustani ya wanyama inayotumika kama shule. Katika Chuo cha Moorpark, California, bustani ni darasa lenyewe: wanafunzi ndio wanaolisha, wanaosafisha na wanaosimama mbele ya wageni kueleza. Entebbe, ng'ambo ya Ziwa Victoria, kituo kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima kiligeuzwa mwaka 1994 kuwa kituo cha elimu ya wanyamapori. Na Mwanza, safari ya saa chache kwa barabara kutoka Tarime, Kisiwa cha Saanane kilifunguliwa mwaka 1964 kuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ili wakazi wa mji waone kile ambacho nchi yao changa ilikuwa imeahidi kukitunza. Kisiwa kilibaki na jina la mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale, Mzee Saanane Chawandi. Yeye alihama, wanyama wakahamia. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa.

Kizimba kinafundisha vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni utulivu wa kutazama: unaweza kusimama dakika kumi mbele ya simba ukahesabu ndevu zake bila moyo kukuenda mbio. Cha pili hakisemwi, lakini kinaingia. Mnyama huyu ana mwenyewe, analishwa, gharama yake iko kwenye tiketi. Mtoto anatoka pale akiwa amempenda simba, na pendo lake halijamgharimu hata kuku.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Msenegali Baba Dioum aliwaambia wahifadhi wa dunia waliokutana New Delhi kwamba watu hutunza wanachokipenda, hupenda wanachokielewa, na huelewa walichofundishwa. Vituo vingi vya elimu ya wanyama duniani vimejengwa juu ya ngazi hiyo ya hatua tatu. Inapendeza kuisikia. Lakini peleka ngazi hiyo Serengeti uone inavyoyumba, na hakuna anayeiyumbisha kama mtega nyaya.

Waya wenyewe ni kitu kidogo. Mara nyingi hutolewa kwenye tairi lililochomwa moto. Mpira ukishaungua hubaki nyuzi za chuma, zinasokotwa pamoja, zinafungwa kitanzi. Kisha huja kazi ya akili. Lazima ujue nyumbu atapita wapi akienda kunywa, kati ya vichaka vipi viwili, kichwa chake kitakuwa kimo gani kutoka ardhini, kitanzi kilegezwe kiasi gani ili apenye bila kustuka. Mtegaji anamwelewa nyumbu kuliko mtalii aliyemfuata kwa siku tano na darubini. Hatua ya pili ya ngazi ameipanda, tena bila projekta. Ya tatu ikamshinda, au tuseme ilimpeleka kwenye sufuria. (Waya nao haujui ulichotegewa: hunasa twiga, hunasa simba, hukata mkonga wa mtoto wa tembo. Tangu mwaka 2017 kuna kikosi maalumu ndani ya hifadhi ambacho kazi yake ni kutembea kwa miguu na kuziokota nyaya hizo.)

Kuelewa na kupenda, basi, si njia moja yenye vituo viwili.

Kinachoshangaza ni kwamba uhifadhi wa Serengeti wenyewe una mizizi ndani ya kizimba. Bernhard Grzimek, mtu aliyeifanya Serengeti ijulikane Ulaya, alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja na mwanawe Michael, wakiwa na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakawahesabu wanyama kutoka angani. Januari 1959 ndege iligongana na tai, Michael akafa. Filamu yao ilishinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na shirika la uhifadhi la Frankfurt halijaondoka Serengeti hadi leo. Hakuna haja ya kumbeza mtu aliyemzika mwanawe ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro na baadaye akazikwa hapohapo. Lakini angalia alikuwa akitazama akiwa wapi. Kutoka juu nyumbu ni nukta, mpaka ni mstari, na watu wa Lamai, ng'ambo ya kaskazini ya Mto Mara, ni wavamizi wa mstari huo. Kipande cha Lamai kiliingizwa ndani ya hifadhi katika miaka ya 1960, na Tarime bado wapo wazee wanaotaja malisho ya kule kana kwamba waliyaacha jana.

Grzimek huyohuyo alifanya jambo jingine ambalo husimuliwa mara chache. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka bustani za Ulaya waliletwa wakaachiwa kisiwani Rubondo, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Kabla ya kuachiwa hawakufundishwa kujenga kiota mtini wala tunda gani linalika. Wakajifunza. Wajukuu zao wanaishi pale leo wakiwa sokwe wa mwituni kama wengine. Wanafunzi hao walifuzu bila mtu kuwapenda kwa karibu. Walichopewa ni nafasi na muda.

Kama si mali, basi mnyama ni nini? Sarufi ya Kiswahili ina fununu. Tunasema "mali hii", "mti huu", "jiwe hili", lakini tembo ni "huyu". Anakula, anakuja, ametuona. Lugha imemweka safu moja na mtu, ingawa lugha hiyohiyo humwita mtu katili "mnyama" na ukatili wenyewe "unyama". Amekaribishwa ukumbini kisha akasengenywa. Wenyeji wa Mara walikuwa na njia zao za kuyabeba hayo yote mawili. Koo za Wakurya zina wanyama wao wa kuheshimiwa, chui au pundamilia au kiboko, na mwenye ukoo hamchukulii mnyama huyo kama nyama tu. Waikoma, ambao ni wawindaji hodari, wana Machaba, jozi ya meno ya tembo ambayo masimulizi yao yanasema waliipata kwa nabii wa Kitatoga. Meno hayo hayauzwi wala hayatundikwi ukutani. Yana walinzi na masharti, na afya ya jamii imefungwa kwayo. Watu walewale waliwinda na kuheshimu, wala hawakuona kwamba wamejipinga.

Shirika la Hifadhi za Taifa lilipoanza kazi yake ya vijijini mwaka 1988 lilichagua neno ambalo, pengine bila kukusudia, linasema zaidi kuliko "mali". Lilisema ujirani mwema. Jirani humchagui, na wala huhitaji kumpenda. Unamjua tabia, unajua saa anayorudi amelewa, unamwazima jembe, na ana wajibu kwako kama ulivyo nao kwake. Zaidi ya yote, jirani ni mtu unayeweza kumlalamikia. Hapo ndipo neno hili linapokuwa gumu kwa taasisi iliyolichagua. Ujirani ambao upande mmoja unatoza faini na mwingine unapewa pole haujafika mbali na uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba.

Lakini ujirani wa kweli uliwahi kutokea, na haukutokea darasani. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukamaliza ng'ombe na nyumbu pamoja. Kwa miongo iliyofuata ugonjwa uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Kisha maofisa wa mifugo wakawachanja ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti, kwa ajili ya ng'ombe na si kwa ajili ya nyumbu. Mapema miaka ya 1960 ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu. Walikuwa kama robo milioni hivi. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika milioni moja na laki tatu. Msafara ambao watalii hulipa maelfu ya dola kuuona ukivuka Mto Mara umesimama kwa sehemu kubwa juu ya sindano iliyochomwa ng'ombe wa mtu aliyekuwa akiwawazia ng'ombe wake tu.

Jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1994, virusi vya distempa ya mbwa vilipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na macho yakageukia mbwa wa vijijini. Tangu miaka hiyo timu za chanjo huzunguka vijiji vya wilaya ya Serengeti. Distempa imebaki na njia zake porini, wala si mbwa peke yao wanaoibeba. Lakini kichaa cha mbwa, ambacho huua watoto kabla ya kumfikia simba yeyote, kimepungua palipochanjwa vya kutosha.

Siku ya chanjo gari hupita na kipaza sauti, na wanaokuja ni watoto. Mbwa wamefungwa kamba ya katani, kipande cha waya, mkanda wa suruali. Mmoja anamburuta wake kwa miguu ya mbele, mbwa amekaa kitako anakataa katakata. Mwingine ana watatu, wote wa jina moja. Mchanjaji anamshika mbwa ngozi ya shingo, anachoma, anamfunga utepe wa rangi ili ajulikane, anaandika kadi. Hakuna anayetaja uhifadhi. Simba hatajwi. Mtoto anaikunja kadi mara nne, anaitia mfukoni mwa kaptula, anauliza kama kesho watakuja tena, maana nyumbani kuna mwingine mkali ambaye babu hakuthubutu kumshika.