Wameuza Mechi

Mei 2024, siku ya mwisho ya Ligi Kuu, Azam FC waliifunga Geita Gold 2-0, na timu ya mkoa wetu ikashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Mimi nilikuwa hapa Chato kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la mbao katikati ya vijana wa bodaboda na wavuvi waliopanda kutoka mwaloni. Kibanda kilikuwa na televisheni mbili. Ile kubwa ilikuwa ya Simba, ile ndogo ya pembeni ndiyo ya Geita. Hata kwenye msiba wetu tulipewa kiti cha nyuma.

Kabla filimbi ya mwisho haijalia, mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Hawa wameuza."

Hakuna aliyeuliza wameuza kwa nani, wala kwa bei gani, wala nani angetoa pesa yake kununua kipigo cha timu iliyokuwa mkiani tayari. Kibanda kizima kikaitikia. "Wameuza, wameuza." Na mimi, mwalimu wa watu, ninayewafundisha watoto kila siku kwamba hoja lazima iwe na sababu, nikaitikia pamoja nao. Nikajisikia nafuu kabisa.

Nafuu hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si katika wale wanaodai shabiki anyamaze, eti "asiyekubali kushindwa si mshindani". Methali hiyo ni ya wachezaji. Shabiki hashindani na mtu. Yeye amelipa kiingilio, amepoteza sauti, amegombana na shemeji yake, na mwisho wa siku hana hata kiatu cha kulaumu. Ana haki ya kusema. Tena naona ana wajibu wa kusema, maana timu isiyolaumiwa na mtu ni timu isiyopendwa na mtu.

Na ya kusema kuhusu Geita Gold yapo. Msimu wa 2021/22, wakiwa wageni Ligi Kuu, walimaliza nafasi ya 4 nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Misimu miwili baadaye timu ikawa nje ya ligi. Mpole alikuwa ameshakwenda Lupopo ya Lubumbashi, na mimi kwa macho yangu ya kibandani sikuona mpango mpya uliokuja baada yake. Mpira ulikuwa unapigwa mbele kana kwamba yeye bado yupo. Viungo wanapeana pasi za pembeni hadi mpira wenyewe unachoka, winga anakimbia mpaka kibendera cha kona halafu anageuka nyuma kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Hizo ni lawama. Unaweza kuzikataa, unaweza kuniletea mechi tatu zinazoonyesha nimekosea, nami nitakusikiliza. Lakini "wameuza" utaikataa kwa mechi gani?

Nadhani tunachanganya mashtaka matatu. La kwanza ni kukosea: mchezaji alijaribu, mguu haukumtii, au kocha alipanga vibaya. La pili ni uzembe: aliweza, ila hakujitoa. La tatu ni usaliti: alitaka tufungwe. Kwa macho yanayotazama mpira, yote matatu yanafanana kabisa. Beki aliyeteleza, beki mvivu na beki aliyehongwa, wote wanaonekana wakiwa hatua mbili nyuma ya mshambuliaji. Kinachowatofautisha kiko moyoni, na moyo hauonyeshwi kwenye marudio.

Sasa kwa nini tunaruka moja kwa moja hadi shtaka la tatu, lile zito kuliko yote, ambalo ndilo tuna ushahidi mdogo zaidi?

Kumbuka Juni 2019, kule Cairo. Taifa Stars wamerudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, tangu Lagos 1980. Mechi ya pili ni dhidi ya Kenya. Simon Msuva anafunga mapema, Michael Olunga anasawazisha, dakika moja haijaisha vizuri Mbwana Samatta anaturudisha mbele. Hapa Chato watu walikuwa juu ya viti. Kisha ikapigwa kona, Johanna Omolo akaweka kichwa, 2-2. Dakika ya 80 Olunga tena. Tukalala 3-2, tukiwa tumeongoza mara mbili. Na usiku ule ule nikasikia neno lile lile: wameuza. Watu walikumbushana kwamba Rais wa wakati ule, mtoto wa hapa hapa Chato, alikuwa amewapa wachezaji viwanja Dodoma kwa kufuzu. "Wamepewa viwanja na bado!"

Jamani, tufikirie. Mchezaji anayesubiriwa na nchi kwa miaka 39 auze mbele ya majirani wa Kenya, ili arudi nyumbani aishi wapi? Maelezo yalikuwepo mbele ya macho yetu. Tulipoongoza tulirudi nyuma mno, tukawaachia Kenya mpira, na kona haikukabwa. Kocha Emmanuel Amunike aliondoka mwezi uliofuata. Maelezo hayo yanatosha kabisa. Ila yana ubaya mmoja: yanauma zaidi. Yanasema watu wetu walijitahidi kadiri walivyoweza, na kadiri hiyo haikufika.

Hapo ndipo ninapoiona siri ya ile nafuu. Ukisema wameuza, maana yake uwezo tulikuwa nao. Tungeshinda, isipokuwa mtu fulani mbaya alitunyima. Heshima yetu inabaki salama, na hasira inapata mtu wa kumwendea. Ukisema walishindwa, basi na wewe umo ndani ya kushindwa huko, na hakuna wa kumwendea.

Huku kwetu tabia hii si ya mpira peke yake. Waulize wachimbaji wadogo. Mjomba wangu aliwahi kusimamia duara lililochimbwa miezi saba na wenye hisa wanane. Mawe yalipopelekwa kwenye karasha hayakutoa hata cha kulipia maji. Hakuna aliyesema mwamba haukuwa na dhahabu. Walisema mjomba aliiba mifuko usiku. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini mwizi kuliko kuamini jiwe tupu. Na wote tunaotoka ukanda huu wa Geita na Shinyanga tunajua mahali njia hiyo inapoishia ukiifuata mpaka mwisho. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, lazima kuna mkono wa mtu. Kisha anatafutwa bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni wa miaka hamsini, na panga linafanya kazi yake. Wameuawa wengi hivyo. Sisemi kibanda umiza ni sawa na mauaji. Nasema mbegu ni moja: kukataa kwamba pigo linaweza kuja bila adui.

Najua utanijibu: Mwalimu, usitufanye wajinga, mechi zinauzwa kweli. Ndiyo. Na ushahidi mzuri kuliko wote uko hapa hapa mkoani kwetu, tena na klabu hii hii. Mwaka 2016, Geita Gold ikiwa Ligi Daraja la Kwanza inasaka kupanda, siku ya mwisho ya kundi lake ilipata ushindi wa 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Wapinzani wao kwenye mbio hizo, Polisi Tabora, waliifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ikazishusha daraja timu zote nne kwa upangaji wa matokeo, viongozi kadhaa wakafungiwa, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambao mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la FA wakicheza na Simba.

Sasa angalia vizuri. Mechi ya timu yetu iliyothibitishwa kuwa chafu ni ile tuliyoshinda kwa mabao manane. Siku ile nani kati yetu alisema "wameuza"? Mimi nakumbuka nilichosema. Nilisema, "Vijana wamewaka!" Bao la tano nilishangilia, la sita nikacheka, la saba na la nane nikaagiza soda. Jicho langu kali la kunusa usaliti, lile linalofanya kazi kila tukifungwa, siku hiyo lilikuwa limelala fofofo.

Kwa hiyo tuhuma zetu hazifuati haki, zinafuata maumivu. Mtu anayechukia kweli kuuzwa kwa mechi angeuliza maswali siku ya 8-0 kwa sauti kubwa kuliko siku ya kushuka daraja. Ukimshuku mwenzako pale tu anapokuumiza, hujawa mlinzi wa ukweli.

Ningependa kuishia hapa, kwenye hoja, maana hoja haidai chochote kwangu. Ila kuna kijana.

Miaka kadhaa iliyopita mtaa wetu ulifika fainali ya kombe la mbuzi. Ndiyo, mbuzi, beberu mmoja amefungwa kwenye mti pembeni ya uwanja anatutazama. Tulikuwa 1-1, dakika za mwisho, wakapata kona. Kipa wetu alitoka, akapiga ngumi hewa, mpira ukaingia. Mimi nilikuwa nimesimama na watu kama ishirini, na nikasema: "Huyu kauza."

Sikutaja pesa. Kufika jioni, stendi nzima ilijua kwamba alipewa elfu thelathini. Siku ya pili ilikuwa elfu hamsini, na jina la aliyempa lilikuwa limepatikana. Watu walipoulizwa wamejuaje, walijibu, "Mwalimu mwenyewe kasema." Kijana hakucheza tena. Alikwenda kuvua dagaa, baadaye akarudi na pikipiki ya mkataba.

Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikasimamisha bodaboda, nikapanda, na tulipofika kwenye kona ya sokoni ndipo nikamtambua kwenye kioo cha pembeni. Yeye, bila shaka, alikuwa amenitambua tangu nilipoinua mkono. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilitaka kusema, "Najua hukuuza." Lakini sijui. Sikujua siku ile na sijui leo, na kumwambia najua kungekuwa kusema jambo nisilolijua kwa mara ya pili, safari hii ili nijisikie vizuri.

Tuliposhuka nikamwambia, "Mdogo wangu, ile siku ya fainali nilisema neno bila kuwa na ushahidi. Sikuwa na haki ya kulisema. Nisamehe."

Akahesabu chenji yangu kwanza. Akanipa, kamili. Kisha akasema, "Ile kona, Mwalimu, nilitoka mapema. Ilikuwa inaenda nguzo ya mbali, ningebaki kwenye mstari ningeidaka. Na beki wangu namba tano alikuwa ananizibia." Akanyamaza kidogo. "Nilitaka mtu aniulize hivyo."

Akawasha pikipiki akaondoka.

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Kumbe lawama alikuwa anazitaka. Alitaka zile zinazoanza na kona, nguzo na beki namba tano, ambazo mtu anaweza kuzijibu, kuzikubali, na kesho kurudi golini akiwa amejifunza. Sisi tulimpa shtaka lisilojibika, kwa sababu lilikuwa jepesi mdomoni.

Kwa hiyo mimi nitaendelea kulalamika. Geita Gold wakicheza ovyo nitasema wamecheza ovyo, na nitataja dakika. Kocha akipanga viungo wanne wanaofanya kazi moja, nitasema. Nikiwa na ushahidi wa rushwa nitaupeleka panapostahili, hata kama tumeshinda nane. Bila ushahidi, neno "wameuza" nimeliacha kule kibandani. Na nikiri: kila tukifungwa bado linanijia mpaka kwenye ulimi.